Mguu wa Kulia wa Panzi

Dada yangu aliingia bekari bila hodi, akasimama katikati ya rafu za trei, mikono kiunoni, akamtazama binti yangu kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, "Huyu anabebea bega hilo hilo siku zote?"

"Shikamoo, dada," nilisema, kwa sababu mmoja wetu ilibidi akumbuke adabu.

"Marahaba. Nimekuuliza swali."

Binti yangu alikuwa amebeba trei ya mikate begani kushoto, kama anavyobeba tangu alipopata nguvu za kubeba. Mtaa mzima unamwita Panzi, kwa sababu ya miguu yake mirefu na kwa sababu tangu utotoni hajawahi kukizunguka kitu anachoweza kukiruka. Shangazi yake ndiye kocha wake. Enzi zake dada naye alikimbia, akakimbia mpaka magoti yakamwomba msamaha, na siku hizi anafundisha vijana kwenye uwanja ulio nyuma ya shule. Mimi ni mwoka mikate. Watu wananiita Tarumbeta, na sababu yake hata nikitaka kuificha siwezi, maana inasikika kutoka barabarani.

"Bega la kushoto ndilo alilolizoea," nilimjibu. "Kuna ubaya gani? Mikate inafika."

"Mikate inafika," dada alisema. "Mtoto ndiye hafiki."

Hapo alikuwa amegusa penye kidonda. Panzi hukimbia mita mia nne za kuruka viunzi: mzunguko mzima wa uwanja, viunzi kumi, na ukifika mwisho kifua kinawaka moto. Wanaokimbia mbio hizo huhesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi. Panzi hupiga kumi na tano, na ukipiga kumi na tano unakifikia kila kiunzi na mguu ule ule mbele. Wake ni wa kushoto. Ndio unaotangulia hewani, ndio unaotua kwanza, na kwa kufumba na kufumbua mwili wote unakaa juu yake peke yake. Adui ni uchovu. Mkimbiaji akitoka kwenye kona ya mwisho hatua zinafupika, kumi na tano zinakuwa kumi na sita, na kiunzi kinamkuta na mguu usio wake. Msimu uliopita, kwenye kiunzi cha tisa, kilimkuta Panzi na wa kulia. Aliruka hivyo hivyo. Alipotua, kifundo cha mguu kiligeuka chini yake, akaenda chini na kiunzi chake. Nilikuwa kwenye uzio, hatua chache tu kutoka pale. Nilimsikia alivyolia, na sipendi kukumbuka.

Mguu ulipona. Daktari alisema umepona, picha zilisema umepona, na Panzi mwenyewe alipanda ngazi mbili mbili. Lakini kila hatua zilipomfupikia uwanjani, hakuthubutu kutua na mguu ule. Alikuwa akikikaribia kiunzi anavunja mwendo, anapiga vihatua vidogo vidogo ili arudi kwenye mguu wa kushoto. Sisi tuliita kudonoa, kama afanyavyo kuku. Na kila alipodonoa, wenzake walimpita kwa raha zao.

"Mchujo uko mwisho wa mwezi ujao," dada alisema. "Wawili wa kwanza wanakwenda kambi ya timu ya taifa. Sasa nisikilizeni wote wawili. Akidonoa mbele ya kiunzi hata kimoja, hata akishika nafasi ya pili, namtoa kwenye viunzi. Atakimbia mbio za kawaida kama watu wengine."

"Unamtisha mtoto, dada."

"Simtishi. Mtu akienda kasi ile halafu anavunja hatua mbele ya mbao, iko siku ataikumbatia ile mbao kwa meno. Mimi sitaki kumwokota tena. Wewe unataka?"

Panzi alikuwa bado amesimama na trei yake, macho yanakwenda kwangu na kwa shangazi yake. "Shangazi, mimi mbio za kawaida sizitaki," alisema. "Zile hazina kitu cha kufanya njiani."

"Basi hamisha hiyo trei. Iweke bega la kulia."

Akaihamisha. Akapiga hatua mbili, akapepesuka, na mikate yote ikatawanyika sakafuni hadi chini ya meza ya kukandia. Mke wangu alichungulia kutoka kwenye kaunta, akatutazama wote watatu, akasema, "Hiyo mtaila nyinyi," akarudi kwa wateja wake.

Dada hakucheka. Aliinama akaanza kuokota mikate, na huku akiokota akaeleza. Mguu wa kulia una nguvu, alisema, ameupima kwa vyuma na haukosi kitu. Lakini nguvu ni jambo moja, na kusimama ni jambo lingine. Kifundo kizima kikiinama kidogo, misuli yake inakirudisha kabla mwenyewe hajajua. Kikishaumia, ile misuli inachelewa kujibu. Na huyu kwa miaka yote ameegemea upande mmoja, kazini na uwanjani, basi mguu wa kulia ni mgeni kwenye mwili wake mwenyewe.

"Nguvu ni nguvu," nilimkatiza. "Mimi nabeba gunia la unga peke yangu, sijawahi kuuuliza mguu kama uko tayari."

Nilijitakia mwenyewe. Dada akaweka mikate mezani, akanigeukia. "Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, simama mguu mmoja, kunja mikono kifuani. Vizuri. Sasa fumba macho."

Kwa macho wazi nilisimama kama mwanamume. Nilipoyafumba, sakafu ikahama. Nakuapia, niliisikia ikihama. Nikarukaruka mara mbili, nikatafuta meza, nikaikosa, nikaangukia kwenye magunia ya unga na moja lilikuwa wazi. Nilipoinuka nilikuwa mweupe hadi kope, na Panzi alikuwa amekaa chini anacheka mpaka machozi. Yalikuwa yamepita miezi tangu nimsikie akicheka hivyo. Nikaona heri, hata kama ni mimi ninayechekwa.

Tangu siku ile nyumba yetu ikageuka. Panzi alipiga mswaki akiwa juu ya mguu wa kulia. Alikula kifungua kinywa amesimama juu ya mguu wa kulia, mama yake akilalamika kwamba chai haiko salama. Trei ilibaki bega la kulia, mwanzoni na mikate michache, baadaye nusu, baadaye imejaa. Alipozoea kusimama kwenye sakafu, dada akaleta amri nyingine: akunje magunia matupu yawe mto, asimame juu yake, mahali ambapo mguu haupati uhakika. Alipozoea hilo, akaambiwa afumbe macho.

Na mimi nikapewa kazi. Kazi yangu ilikuwa kumrushia madonge ya unga uliokandwa. Kila asubuhi, mikate ya kwanza ikiwa tanurini, Panzi alisimama juu ya magunia kwa mguu mmoja na mimi nikamrushia donge: kulia, kushoto, juu, chini kidogo kuliko anavyotegemea. Alidaka akanirudishia. Masharti ya dada yalikuwa mawili. La kwanza, asiutazame mguu, kwa sababu akiutazama atauogopa. La pili, akipoteza mizani nisimshike.

Hilo la pili lilinishinda. Akiyumba kidogo tu, mkono wangu unakwenda wenyewe. "Baba!" alikuwa ananigombeza, nami narudisha mkono nyuma kama mwizi.

Asubuhi moja alianguka vibaya, goti likagonga ukingo wa meza. Hakuinuka upesi. Alikaa pale kwenye unga ameushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili.

"Mguu huu si wangu, baba," alisema. "Nimeazimwa. Nikiuambia simama, unauliza kwanza."

Nikachuchumaa kando yake. "Kuteleza si kuanguka, mama."

"Mimi sikuteleza. Mimi nilianguka. Ulikuwepo, uliona."

Nikaiacha methali. Nilimwambia ukweli, kwamba niliona, na kwamba kila anapokwenda uwanjani mimi naogopa kuanzia asubuhi. Akaniangalia kwa mshangao kidogo. Halafu akajifuta pua kwa kiganja, akapanda tena juu ya magunia, akasema, "Rusha."

Kidogo kidogo mguu ukaanza kujibu. Nilikuwa naona mwenyewe, maana kazi yangu ni kuangalia. Zamani akidaka donge la pembeni mwili mzima ulikuwa unatapatapa. Sasa kifundo pekee ndicho kilichotetemeka, huku na huku, upesi upesi, na juu yake Panzi katulia tuli. Dada akaongeza kazi: apande kreti, aruke chini, atue kwa mguu wa kulia na kuganda hapo hapo. "Tua, ukae," alikuwa anasema. "Tua, ukae." Panzi akatua, akakaa. Siku nilipomwona anafanya hivyo na macho kayafumba, niliacha mikate ikaungua upande mmoja, na sikujuta.

Sasa ikabaki uwanjani, na huko ndiko mambo yalikokwama.

Kwenye mazoezi mafupi ya viunzi vitatu, dada alimwamuru atangulize mguu wa kulia, na Panzi aliutanguliza vizuri tu. Alitua, akaendelea. Lakini akikimbia mzunguko mzima, akifika cha tisa na miguu imechoka, anadonoa. Kila mara. Dada alibadilisha umbali, akapunguza kasi, akashusha viunzi, akavipandisha. Wapi. Jioni moja nilimwona amekaa kwenye nyasi peke yake, ameegemea kiunzi, na dada yangu si mtu wa kukaa.

Mimi nilikuwa nikienda mazoezi yote. Mahali pangu palikuwa kwenye uzio, pale kona ya mwisho inapoishia, mkabala na kiunzi cha tisa. Na nilikuwa na kazi yangu hapo, ambayo hakunipa mtu, nilijipa. Tangu Panzi arudi uwanjani nilijifunza kumhesabia hatua. Jicho langu lilikuwa zuri kuliko saa yoyote: akitua tu baada ya kiunzi cha nane, hatua mbili za kwanza zilinitosha kujua kama zitatimia kumi na tano au zimepungua urefu. Zikipungua, nilipiga ukelele, "Kusanya!", naye akakusanya hatua zake, akarudi kwenye mguu wa kushoto, akavuka salama. Nilijiona wa maana sana. Nilijisemea, kocha anamfundisha, lakini anayemvusha ni mimi.

Basi siku moja lori la unga lilichelewa nikachelewa nalo. Nilipofika uwanjani Panzi alikuwa ameshaanza mzunguko. Sikuwahi mahali pangu, nikabaki nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, napenyeza jicho. Nikamwona akitoka kwenye kona. Nikaona hatua zimefupika. Nikafungua mdomo, lakini nilikuwa mbali mno, asingenisikia hata mimi. Na Panzi akaenda. Alikifikia kiunzi cha tisa na mguu wa kulia mbele, akakiruka, akatua juu ya mguu ule ule ulioazimwa, akapepesuka kidogo, akaendelea mbele.

Nilitoka mbio kutoka nyuma ya vyumba nikishangilia. Dada alikuwa amejishika kichwa kwa furaha. Panzi alikuwa anajitazama mguu kama aliyeokota kitu barabarani.

"Rudia," dada alimwambia alipopumzika. "Hivyo hivyo. Rudia."

Nikaenda mahali pangu kwenye uzio, roho kwatu. Panzi akazunguka. Akavuka cha nane, hatua zikafupika, na mimi, Mungu ni shahidi wangu, bila kukusudia, nikapiga ukelele wangu wa kila siku: "Kusanya!"

Akadonoa.

Dada aligeuka polepole sana. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alinitazama kama mtu aliyepoteza funguo wiki nzima halafu akaziona mfukoni mwake.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi mzima nabadilisha viunzi, kumbe kinachotakiwa kubadilishwa kiko kwenye uzio!"

"Mimi namsaidia!"

"Unamshika," dada alisema. "Kule bekari nilikukataza usimshike kwa mkono, basi umetafuta pa kumshikia. Mtu ukimshika, anasimama kwa mkono wako. Siku mkono haupo, yupo wapi?"

Nilimjibu maneno ambayo hapa siyarudii, na yeye ni mkubwa wangu. Nilimwambia kwamba yeye hakuwa kwenye uzio siku ile ya kuanguka, alikuwa ng'ambo na saa yake mkononi. Nilimwambia kwamba mtoto ni wangu. Akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu si lako, ni la mtoto." Nikachukua baiskeli yangu nikaondoka.

Nilisusa. Sitasema kwa muda gani, lakini mke wangu alikwisha choka na mlango wa tanuri ninavyoubamiza. Panzi alikwenda mazoezini bila mimi, akarudi. Tuliendelea kurushiana madonge ya unga kimya kimya. Mpaka asubuhi moja akalidaka donge, akabaki nalo.

"Baba, Jumamosi ni mchujo."

"Najua."

"Nikikusikia, mguu unakusikiliza wewe. Hauniulizi mimi tena. Si kosa lako, ndivyo ulivyozoea." Alilibinyabinya lile donge. "Lakini usipokuja, nitakimbia huku natafuta umekaa wapi. Nataka uje. Usimame pale pale. Halafu unyamaze."

"Kuja naweza," nilimwambia.

"Na kunyamaza?"

Hapo mama yake alicheka kutoka kaunta mpaka mteja akauliza kuna nini.

Nilimwahidi. Dada aliposikia ahadi hiyo, alisema kwamba mama yetu alimwambia mimi nilianza kupiga kelele kabla sijatoka vizuri tumboni, na kwamba yeye ataamini akiona. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Mtu unaweza kuahidi kwa mdomo, na mdomo huo huo ndio wenye tatizo.

Siku ya mchujo nilifika mapema nikashika mahali pangu kwenye uzio. Jua lilikuwa limewaka, nyasi zimekatwa upya, na spika ya uwanja ilikuwa inakoroma badala ya kusema. Nilimwona Panzi ng'ambo, amevua viatu, amesimama kwa mguu wa kulia, macho yamefumba. Mwamuzi mmoja alipita karibu naye akavua kofia, nadhani alidhani anasali.

Walikuwa wanane. Wa kuogopwa walikuwa wawili: mmoja askari, mabega kama mlango, aliyeshinda mwaka uliotangulia, na mwingine msichana wa soksi ndefu ambaye kila mtu alisema ana pumzi za ajabu mwishoni. Nafasi zilikuwa mbili. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua.

Bastola ililia, wakatoka. Kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, Panzi alivipita kama havipo. Kwenye upande wa mbali nilimwona kwa shida, kidoti kinachopanda na kushuka kwa mpango. Walipoingia kwenye kona ya mwisho Askari alikuwa mbele, Panzi wa pili, Soksi Ndefu wa tatu, na wengine tayari wameanza kukimbia mbio zao wenyewe huko nyuma. Nilishika uzio kwa mikono miwili. Wakavuka cha saba. Wakavuka cha nane, pale kona inapoishia, sasa wanakuja upande wangu.

Hatua ya kwanza ya Panzi baada ya kutua ilikuwa fupi. Ya pili ikawa fupi zaidi.

Nilijua. Hakuna mtu mwingine kwenye uwanja ule aliyejua, labda hata yeye alikuwa bado. Kumi na sita. Anakuja na wa kulia. Mguu ule ule, kiunzi kile kile, na mimi niko hatua chache tu kama siku ile. Neno lilipanda lenyewe. Lilifika kooni, likafika kwenye meno, na nikaona kabisa jinsi atakavyoanguka, nikamsikia akilia kabla hajalia. Nilivua kofia yangu nikaiingiza mdomoni, nikaiuma.

Panzi hakuvunja mwendo. Aliuinua mguu wa kulia, akapita juu ya mbao, akatua.

Mwili ulikwenda kulia. Mikono ilitanuka, bega likainama, na nilikiona kile kifundo kikitetemeka, huku na huku, upesi upesi. Wala hakukitazama. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye kiunzi cha kumi. Kifundo kikasimama. Akasimama naye juu yake, akatoka.

Kule kuyumba kulimgharimu. Soksi Ndefu alikuwa amemfikia, bega kwa bega. Panzi akahesabu hatua nyingine fupi kumi na sita, zikamrudisha kwenye mguu wa kushoto, akavuka cha kumi, na baada ya hapo sikuona kitu tena ila migongo. Kutoka pale niliposimama migongo haikwambii nani yuko mbele. Niliwaona watatu wakiinamisha vifua kwenye utepe, watu wakapiga kelele, na mimi nimesimama na kofia mdomoni, machozi yananitoka, sijui kama nalia kwa furaha au vipi. Kwa kweli nafasi sikuiwaza wakati ule. Niliwaza kwamba anatembea. Anatembea kwa miguu yote miwili, mikono kiunoni, anavuta pumzi.

Spika ikakoroma. Wa kwanza, Askari. Ikanyamaza, ikapiga chafya, ikataja namba ya pili. Ilikuwa namba ya kifuani mwa Panzi.

Watu waliokuwa kando yangu waliruka juu. Jirani yangu mmoja, fundi wa baiskeli aliyekuja kwa ajili yetu, alinipiga mgongoni akaniuliza, "Vipi, Tarumbeta, leo umekufa?" Nikamwonyesha kofia mdomoni. Ng'ambo ya uwanja nilimwona dada yangu amekaa chini kwenye nyasi, miguu kainyoosha, saa yake kaitupa kando, anajifuta uso kwa fulana yake.

Panzi hakwenda kwake kwanza. Alikuja kando ya njia ya kukimbilia, peku, viatu vimening'inia mkononi, mpaka kwenye uzio. Alikuwa bado anahema.

"Baba. Ulikuwepo?"

Nikatoa kofia mdomoni. "Nilikuwa hapa hapa."

"Sikukusikia. Nilipofika pale nikasubiri sauti yako, haikuja. Nikajua basi, ni mimi tu." Alimeza mate. "Uliona nilivyoyumba?"

"Niliona."

"Uliogopa?"

"Mwanangu, nimeila kofia."

Akaitazama ile kofia, ukingo wake umelowa na una alama za meno yangu yote, akaanza kucheka huku analia, na mimi nikamshika kichwa kupitia juu ya uzio, nikambusu kwenye jasho lake. Shangazi yake alikuwa anavuka nyasi anakuja kwetu, anatembea kwa yale magoti yake mabovu haraka kuliko alivyopaswa.

"Haya, baba," Panzi akaniambia. "Sasa piga."

Nikavuta pumzi mpaka chini tumboni, nikapiga. Dada alikuwa bado katikati ya uwanja, na nilimwona akisimama, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akacheka.